Pima Tano, Saa Sita Mchana

Siku niliyochelewa kazini kwa saa sita nzima ndiyo siku niliyoleta nyumbani kipimo chenye maana, na nilichelewa kwa sababu niliwaogopa wazee wanne waliokaa kwenye ngazi.

Ngazi za gati letu ni za mawe, na wazee hao walikuwa makuli wa zamani. Kila asubuhi walikuja na kulabu zao kiunoni, wakaketi wakisubiri meli. Meli haikuwepo. Meli kubwa ya mwisho kufunga kamba gatini kwetu ilifunga miaka arobaini na moja iliyopita, mama yangu akiwa bado anatambaa. Mkubwa wao tulimwita Winchi, kwa kuwa ujanani aliendesha winchi ya kupakulia mizigo. Winchi yenyewe ilisimama nyuma yake, imeliwa na kutu, ndege wamejenga kwenye gurudumu lake. Siku hizi kazi ya mzee huyo ilikuwa kupiga kengele ya mnara, na muda uliobaki aliutumia kunitania mimi.

"Kobe huyo anapita," angesema. "Leo ametoa kichwa. Anikeni nguo ndani, mvua inakuja."

"Mwache mtoto wa watu," mwenzake angejibu. "Akisikia jina lake atarudi gambani, na nani atatupimia maji?"

"Maji yenyewe anapima au anayanong'oneza?"

Hawakuwa na ubaya. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini mimi ni mtu ambaye hata kuagiza chumvi dukani huwa najifanyia mazoezi njiani, na ngazi zile zilikuwa ishirini na mbili.

Ukoo wetu ni wapimaji wa kina. Kila bandari ya mfalme ina mpimaji. Kazi yake ni kwenda na mashua mpaka mlangoni, pale kuta mbili za mawe zinapokaribiana kabla ya bahari kuu, na kushusha bildi, yaani kamba yenye risasi nzito mwishoni, ili kujua maji yana kina cha pima ngapi. Pima moja ni mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa. Chini ya risasi tunapaka shahamu, ili ikigusa chini irudi na dalili: mchanga, tope, au kome waliovunjika. Kisha namba inaandikwa kwa chokaa kwenye ubao mkubwa ulio ukutani mwa nyumba yetu, nahodha aliye nje aisome kwa darubini.

Kwa miaka arobaini na moja ubao ule ulisema mbili. Meli kubwa inataka tatu na nusu. Na shahamu ilirudi safi kama ilivyoshuka, maana yake huko chini ni mwamba. Watu walisema mwamba umeota mlangoni kama jino la ukubwani. Meli tatu ziliugonga, zilizobaki zikahamia bandari ya kusini, na mji wetu ukabaki kama nyumba ya harusi siku ya pili: viti vingi, watu hakuna. Maghala yalivuja. Katika mtaa mzima wa washona matanga alibaki fundi mmoja, naye alishona magunia. Nyumba ya wageni yenye vyumba thelathini ilifungwa, mlango wake ukavimba kwa unyevu hata ufunguo ukawa pambo tu ukutani kwa mwenyewe.

Bahari yetu ya kaskazini ni baridi na nzito, wala haina kupwa na kujaa kwa kutaja. Maji hupanda shubiri moja, yakashuka shubiri moja. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kupima zaidi ya mara moja kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi Winchi alipiga kengele, nasi tulishusha bildi wakati mlio bado uko hewani, mji mzima ukiwa shahidi. Kengele ile pia ilipigwa meli ikionekana kwa mbali, ikapigwa bila kukoma mpaka ifunge kamba, na ilipigwa siku za ukungu. Tulijivunia. Ilikuwa zawadi ya mfalme marehemu, kubwa kama chumba, na mlio wake haukusikika kwa masikio tu, uliusikia mpaka kwenye meno.

"Kipimo bila kengele ni uvumi," Bibi alizoea kusema.

Bibi yangu alikuwa mpimaji mkuu. Goti lake lilipogoma mwaka juzi, mimi nikashika bildi, na Mjomba, kaka yake mama, akaendelea kupiga makasia kama alivyofanya siku zote: taratibu, na nusu usingizini.

Kisha ikaja barua.

Ilisomwa gatini na karani wa bandari. Siku ya kumi ya mwezi ujao, ilisema, meli ya mfalme itafika na Mkaguzi ndani yake. Kwa sheria ya ufalme bandari haifungwi kutoka nchi kavu, inafungwa kutoka baharini. Meli ya mfalme husimama nje tangu ifike hadi jua kuzama. Ikishindwa kuingia na kufunga kamba, Mkaguzi huja ufukoni kwa mashua, huteremsha bendera, na watumishi wa bandari hutoka katika nyumba za bandari ndani ya siku saba.

Nyumba yetu ni nyumba ya bandari. Bibi alizaliwa ndani yake, katika chumba kilekile nilichozaliwa mimi.

Barua ile iliwaharibu wazee wa kwenye ngazi. Utani wao ukawa mchungu. Wiki moja baadaye, asubuhi, nilisikia kutoka nyuma ya ghala Winchi akisema, "Waliomaliza bandari hii ni wapimaji. Namba moja miaka arobaini. Hata kasuku angebadilisha neno." Nikajiambia watakwenda kupata kifungua kinywa, kisha nitapita. Hawakwenda. Winchi peke yake alipanda mnarani, kengele ikalia, ikanyamaza, akarudi kuketi. Nikakaa juu ya pipa nikingoja, huku Mjomba akikoroma ndani ya mashua. Walipoondoka kwenda kula ilikuwa saa sita mchana.

"Umechelewa," Mjomba alisema bila kufungua macho.

"Piga kasia tu, Mjomba."

"Mimi sijasema kitu. Nimesema umechelewa."

Tulifika mlangoni. Nikashusha bildi, nikangoja ule mshtuko mdogo wa risasi kugusa mwamba kwenye alama ya pili. Haukuja. Kamba iliendelea kwenda. Alama ya tatu ilipita mikononi mwangu, ambayo sikuwahi kuigusa ikiwa imelowa, ikapita ya nne. Ilipogusa chini ilikuwa tano. Nilipoivuta, shahamu ilikuwa imejaa tope jeusi, laini, lenye harufu ya majani yaliyooza.

Nilipomwonyesha Bibi, hakuangalia tope. Aliangalia saa.

"Umepima saa ngapi?"

"Saa sita, Bibi."

"Bila kengele."

"Bila kengele."

"Basi umepima mahali pengine. Mpimaji anayechelewa hata mahali hapakumbuki." Akachukua chokaa, akaandika mbili mwenyewe, akinyoosha mkono kwa shida. Sikubishana. Kwetu sisi Bibi habishiwi, na hata angebishiwa, si na mimi.

Lakini tope lile sikulifuta. Kesho yake nilipima na kengele: mbili, shahamu safi. Nikarudi tena saa sita: tano, tope. Siku iliyofuata vilevile. Siku ya tatu, saa sita, risasi ikiwa imetua chini na kamba imenyooka mkononi, Winchi alikuwa mnarani akiipaka kengele mafuta. Akaijaribu, pigo moja.

Kamba ikalegea.

Sikuivuta mimi. Kilichokuwa chini kilikuwa kinapanda, kimeibeba risasi yangu kama mtu anavyobeba punje ya mtama mgongoni. Ililegea pima moja, mbili, tatu. Mashua ikainuka kidogo, kama inavyoinuka kifua cha mtu aliyelala. Mjomba alifungua macho yote mawili, jambo la nadra.

"Hilo nini?"

"Mwamba," nikasema.

"Mwamba unapumua?"

Mlio ulipokwisha hewani, kamba ikaanza kukaza tena, polepole, mpaka tano.

Siku ile sikula. Nilishusha madaftari ya vipimo kutoka kabatini, ya Bibi na ya mama yake, nikayapekua sakafuni hadi nikaufikia mwaka niliokuwa nautafuta. Tano, tano, tano na nusu, tano. Kisha maneno haya, kwa mwandiko wa mama yake Bibi: *Leo kengele ya mfalme imetundikwa, watu wamefurahi sana.* Na kesho yake: mbili.

Nikampelekea Bibi daftari, nikamwekea kidole pale. Nikamweleza habari ya kamba. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana hata ikambidi anisogelee.

Alisoma ule mstari mara nyingi.

"Nilivaa viatu vipya siku hiyo," alisema mwishowe. "Vilinibana, lakini nilicheza." Akalifunga daftari. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mjukuu wangu, maisha yangu yote nimekuwa nikipima uongo."

"Hapana, Bibi. Kila siku ulipima kilichokuwepo. Kilikuwepo kwa sababu tulikiita."

Alipangusa jalada la daftari kwa kiganja, kama mtu anayempangusa mtoto uso, kisha akasema, "Zimebaki siku nne. Nenda kwa Winchi."

"Mimi?"

"Goti langu halipandi mnara. Na aliyeshika kamba ni wewe, si mimi."

Nilipanda mnara huku nikirudia maneno yangu kila kidato. Winchi alikuwa akiisugua kengele kwa kitambaa, kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo," alisema, "unataka meli ya mfalme ije, na kengele ya mfalme isilie."

"Ndiyo, Babu."

"Kobe, sikiliza. Hiyo si bandari kufungwa tena. Hiyo ni shingo kukatwa, na shingo yenyewe ni yangu."

Ningeweza kubishana, kama ningekuwa mtu mwingine. Badala yake nikasema, "Njoo ushike kamba. Mwachie mwenzako kengele, apige mara moja tu tukiwa mlangoni."

Labda alikuja kwa udadisi, au kwa sababu hakuwa amekaribishwa kwenye chombo chochote kwa miaka mingi. Aliingia kwenye mashua akilalamika kwamba imepakwa rangi vibaya. Pale mlangoni nikampa bildi. Akaishusha kwa mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi baharini, akanyamaza ilipovuka alama ya pili, akazidi kunyamaza ilipovuka ya nne. Mwenzake akapiga kengele. Niliutazama uso wa Winchi wakati kamba inalegea, nikatamani nisingeutazama.

Tulipofika kwenye ngazi alibaki ameketi.

"Mlango niliufunga mimi," alisema. "Kwa mkono huu. Kila siku, halafu nakaa hapa nauliza meli ziko wapi."

"Hukujua, Babu."

"Nani alijua?" Akasimama, akajipangusa suruali. "Ulimi wa kengele unatoka kwa nati mbili. Nitauondoa, nitaukalia. Mkaguzi akiutaka, aniinue kwanza."

Siku ya kumi bahari ilikuwa tulivu, rangi ya bati. Meli ya mfalme ilionekana saa tatu asubuhi: milingoti mitatu, matanga meupe ambayo watoto wa mji wetu hawakuwahi kuyaona ila kwenye picha. Mji mzima ulisimama juu ya kuta mbili za mlango, upande huu na upande ule. Kengele haikulia. Kimya kile kilikuwa kigeni kwetu hata baadhi ya watu walizibua masikio kwa vidole.

Mjomba alinipeleka mpaka ubavuni mwa meli. Ngazi ya kamba ilikuwa ndefu kuliko zile ishirini na mbili za mawe. Nilijikaza kisabuni, nikapanda, bildi begani, na juu nikamkuta Mkaguzi amesimama: mtu mwembamba, mavazi safi, sanduku la mbao miguuni. Nilijua ndani ya sanduku lile mna koleo za kukatia kamba ya bendera.

"Kengele ya mfalme iko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Ipo, Mheshimiwa. Imenyamazishwa ili meli iingie."

"Imefanyiwa nini?"

"Kuna kitu chini ya mlango. Kinapenda ule mlio. Kikiusikia kinapanda kuusikiliza, na meli zinakigonga. Kisipousikia kinalala, na maji yanakuwa pima tano."

Akawageukia mabaharia kama anayewaonyesha kichekesho. "Mnasikia? Miaka arobaini na moja ya uzembe, na leo tumepata mnyama wa kumsingizia."

Mabaharia walicheka. Nahodha hakucheka. Alikuwa mtu mzima mwenye nywele za mvi na mikono mikubwa, na alikuwa anaitazama risasi yangu.

"Tope hili umelitoa wapi?"

"Mlangoni, Nahodha. Asubuhi hii."

Alilichota kwa kidole, akalisugua, akalinusa. "Hili si tope la ufukoni. Hili linashika nanga vizuri." Akanitazama. "Huyo mnyama umemwona?"

"Sijamwona. Nimemsikia kwenye kamba tu."

"Mkuku wa meli hii unataka maji ya pima tatu na nusu. Ukikosea nusu pima, watu sitini wanaogelea."

"Ndiyo maana nitatangulia mbele na mashua," nikasema. "Nitapima njia nzima, na nitazitaja namba. Na baharia wako apime nyuma yangu. Tukitofautiana, tupa nanga."

Nahodha alijifuta tope kidoleni. "Sheria inasema meli ijaribu," alimwambia Mkaguzi. "Basi tutajaribu."

Nilirudi kwenye mashua. Saa sita ilikuwa inakaribia, jua likipiga wima juu ya maji. Matanga yakapunguzwa, meli ikaanza kusogea nyuma yetu taratibu, kubwa kama mtaa. Nikashusha bildi.

"Sita," nikasema.

"Unamwambia nani?" Mjomba aliuliza.

"Sita," nikasema tena, kwa nguvu zangu zote, lakini nguvu zangu zote hazikufika hata nusu ya njia. Baharia aliyekuwa kwenye omo, mbele kabisa ya meli, aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Pumzi yenyewe haijui njia.

Kutoka juu ya ukuta, karibu nasi, nikasikia sauti ya Winchi, sauti ya kuli aliyezoea kuamrisha mizigo kwenye upepo. "Kobe amesema sita."

Halafu watu wa ukutani wakaipokea. "Sita." Upande wa pili ukaitikia. "Sita." Wanawake, fundi wa magunia, karani wa bandari, fundi wa mapipa, wote. Baharia akainua mkono: amesikia.

Tukaenda hivyo. Mimi nilisema kwa sauti yangu ya kuagiza chumvi, na mji ukasema kwa sauti yake. "Tano na nusu." "Tano na nusu." "Tano." "Tano." Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti mwisho wa ukuta, fimbo mikononi, midomo yake ikizitaja namba kabla ya wengine, maana alikuwa akiitazama kamba, si mimi. Na nyuma yangu baharia wa meli alitaja namba zake mwenyewe, na zilikuwa zilezile.

Tulikuwa katikati kabisa ya mlango, pale kuta zinapobana, niliposikia mlio mdogo. Kengele ya meli. Baadaye niliambiwa kwamba Mkaguzi aliona haya chombo cha mfalme kuingia kimya kama mwizi, akaagiza walau ile ndogo ipigwe. Wakati ule nilichojua ni kwamba kamba imelegea mkononi.

"Nne," nikasema. Kisha, "Tatu na robo tatu."

Mji uliitaja namba ile na sauti ikaanguka mwishoni. Winchi hakungoja nyingine. Yeye aliwahi kuishika kamba ile. Alisimama ukingoni, akanguruma, "Nyamazisheni hiyo kengele," na watu mia nane wakanguruma naye. Nikageuka nikamwona nahodha amemsukuma baharia pembeni na kuukamata ulimi wa kengele kwa kiganja chake.

Kamba ilisita. Nilihisi, kupitia kwenye nyuzi zake, kitu kikubwa kikisikiliza.

"Tatu na nusu," nikasema.

Safari hii hakuna aliyepaza sauti. Walipokezana namba ile kwa kunong'ona, ukuta mzima, na baharia akaisoma midomoni mwao. Meli haikuwa na breki, haikuwa na pa kugeukia. Ikaja. Mjomba alipiga kasia kama hajawahi kulala maishani. Nami nikabaki nimeshika kamba, nikisema moyoni, lala, lala, hakuna aliyekuita.

Ikakaza shubiri moja. Ikakaza nyingine.

"Nne," nikasema. "Nne na nusu. Tano." Na maji ya ndani ya bandari yakafunguka mbele yetu, mapana, matupu.

Sijui mji wetu ulitoa sauti gani wakati ule, kwa kuwa nilikuwa nalia, na mtu akilia husikia vibaya. Najua kwamba kamba nene ya meli ilirushwa, ikaanguka kwenye mawe ya gati, na kwa muda hakuna aliyeisogelea. Makuli wanne waliitazama kama watu wanaotazama mgeni waliyemzika. Kisha Winchi akainama, akaiokota, akaizungusha kwenye nguzo mara tatu na kuifunga bila hata kutazama mikono yake. Nguzo ikalia, mawe yakalia, meli ikatulia.

"Tulikuwa tunasema nini?" aliwauliza wenzake. "Aha. Mzigo."

Mkaguzi aliteremka akiwa amebeba sanduku lake mwenyewe. Alisimama mbele ya Bibi.

"Meli imefunga kamba," alisema. "Bandari ni hai, nami nitaandika hivyo. Lakini kengele ya mfalme ilinyamazishwa, na sababu niliyopewa ni hadithi. Siwezi kumpelekea mfalme hadithi."

Bibi alinitazama. Nikatazama meli, ilivyotulia salama gatini. Mlangoni hakukuwa na chombo chochote.

"Ipigwe," nikasema. "Mara moja."

Winchi aliupandisha ulimi mnarani, akaufunga kwa nati zake mbili, akapiga. Mlio ukapita kwenye meno yetu, ukatoka juu ya maji. Pale mlangoni bahari ikavimba, ikapasuka, na mgongo ukatokea. Ulikuwa wa kijivu, laini, mpana toka ukuta hadi ukuta, una makovu matatu marefu ya zamani ambayo kila mmoja wetu aliyaelewa: meli tatu. Kichwa hakikuonekana. Kitu kile kilisimama tu pale, maji yakichuruzika pande zote, kikingoja pigo la pili kwa subira kama mtu anayengoja kujibiwa salamu. Lilipokosekana, kikazama bila povu.

Mkaguzi alikaa juu ya sanduku lake.

"Kumbe ni wewe," Bibi alisema, akitazama maji yaliyotulia. Hakusema kwa hasira. "Na wewe ulikuwa unakuja kazini kila siku."

Siku ile ilikuwa na kazi nyingi kuliko watu. Makuli wanne walishusha mizigo pamoja na vijana waliokuwa hawajawahi kuona kulabu ikitumika, wakiwatukana kwa furaha. Mabaharia sitini walitaka mahali pa kulala, na mwenye nyumba ya wageni alikuja na ufunguo wake wa ukutani, akahangaika nao mpaka wakamwomba asogee, wakaung'oa mlango mzima na kuuegemeza ukutani. Dirisha moja likafunguliwa, likafuata la pili, na vumbi la miaka arobaini likamwagika mtaani juu ya vichwa vya watu, hakuna aliyejali. Fundi wa magunia alipelekewa tanga lililochanika. Alilitandika barabarani, akalizunguka mara mbili akilipapasa, kisha akatuma mtu nyumbani kumletea sindano kubwa.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nikikunja bildi, nahodha aliponijia. Wazee wanne walikuwa wameketi kupumzika, jasho likiwatoka.

"Nje kuna meli nne za biashara zinazongoja habari zangu," nahodha alisema. "Zilitaka kuona kama nitapita. Kesho nitatoka kuziita." Akatazama huku na huku. "Nani ananiambia tunatoka saa ngapi?"

Winchi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Wenzake wakanigeukia. Bibi, mlangoni kwake, alikuwa ameshika chokaa, naye anangoja.

"Saa nne," nikasema. "Nitapima kwanza. Moja ikishaingia nyingine isogee, na zote nne zitakuwa gatini kabla ya alasiri."

"Hatujasikia huku nyuma," Winchi alisema.

Nikavuta pumzi, nikarudia.